Muulize mwandishi bosi wake alikuwa nani

Kila mwaka lazima nikutane na mtu mzima, kasoma, digrii anayo, anayeamini Shaaban Robert alikuwa Mkristo. Mwaka huu ilikuwa kijiweni kwenye kahawa, jamaa katusikia tunabishana habari za washairi akadakia "si yule Robert wa misheni", na mzee mmoja wa Kitanga aliyekuwa anapuliza kikombe chake hakumjibu kitu, alimtazama tu kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda kitandani. Robert ni jina la baba yake. Mwenyewe ni Shaaban, Muislamu, kazaliwa Vibambani huko huko Tanga tarehe 1 Januari 1909, na ukirudi nyuma zaidi asili ya ukoo ni Wayao, yaani hata huo Uswahili tunaomvisha kama kanzu ya harusi kuna watu wa pwani wangemsimamisha mlangoni na kumuuliza babu yako nani. Halafu ndo huyo huyo aliyekiimbia Kiswahili kwamba titi la mama ni tamu hata likiwa la mbwa.

Sasa mimi tatizo langu sio yule jamaa wa kahawa, yeye kakosea dini basi. Tatizo ni kwamba hata sisi tunaojiona tunamjua Shaaban, tunamjua vilevile kwa mtindo wa nyuma ya jalada, alizaliwa wapi, kabila gani, alisoma wapi, alifariki lini, na kama mwandishi wa wasifu ana huruma anaongeza kwamba "alikulia katika mazingira magumu". Mazingira magumu! Nionyesheni Mtanganyika wa 1909 aliyekulia katika mazingira laini. Hiyo sentensi haikuambii lolote kuhusu kwa nini huyu kaandika hivi na yule kaandika vile, maana shida walizipata wote na kabila kila mtu analo.

Mi nadhani kuna swali moja tunaliruka kila siku nalo ni la mshahara. Huyu mtu alikuwa anakula wapi, nani anasaini karatasi yake ya mwisho wa mwezi, nani ana uwezo wa kumhamisha kesho asubuhi na mke na magodoro, na kwa sababu hiyo ni mambo gani hakuweza kuyasema akiwa kazini. Ukishapata jibu la hapo, nusu ya mtindo wake umeshaupata.

Shaaban Robert alikuwa karani. Tunamuita mwanafalsafa, gwiji, baba wa fasihi, yote sawa, lakini kuanzia 1926 mpaka 1960 mtu huyu asubuhi alikuwa anaamka anakwenda ofisini kwa Mwingereza. Kasoma Dar es Salaam, shule ya Msimbazi, 1922 mpaka 1926, akatoka na cheti, na elimu ya darasani ikaishia hapo. Akaanza na forodha, Pangani, kazi ya ushuru wa bandari, na hiyo forodha kakaa nayo mpaka 1944, kisha akapelekwa idara ya wanyama Mpwapwa, mtoto wa bahari katupwa Mpwapwa, kisha 1946 kurudishwa Tanga kwenye ofisi ya serikali, kisha 1952 idara ya upimaji ardhi mpaka anastaafu. Miaka 34. Amekufa 20 Juni 1962, maana yake katika maisha yake yote uhuru kauonja miezi sita na siku chache. Kila kitabu alichokitoa akiwa kazini kakitoa akiwa chini ya mtu, katika utumishi ambao ngazi za mshahara zilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na hapo chini unaweza ukawa na akili ya kuijaza Mpwapwa nzima ikamwagika na bado ukabaki karani.

Mimi nimelelewa na karani kwa hiyo hapa naongea kwa uchungu kidogo na kwa mapenzi pia. Mzee wangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, tumezunguka naye vituo vinne, nimebadilisha shule nne za msingi, na kila tukihama kitu cha kwanza kupakiwa kwenye lori sio kitanda, ni sanduku lake la bati lenye karatasi. Ukitaka kujua ukarani unaingia mtu kiasi gani ungemsikia nyumbani. Nikiwa bweni nikimwandikia barua kwamba sabuni imeisha na nauli sina, jibu linakuja limeandikwa "Yah: Ombi la sabuni na nauli", limepigiwa mstari kwa rula, halafu chini yake "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Baba yangu mzazi. Ukisoma unacheka halafu unagundua kwamba ndani ya ile barua kuna mtu kasononeka sana kwamba hela hana mpaka tarehe fulani, ila haisemi hivyo, inasema "ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi". Alikuwa na namna yake ya kuweka jambo zito ndani ya bahasha ya adabu likafika bila kumchoma mtu, na hiyo namna hakuzaliwa nayo, kaipata kwa miaka ya kuandika kwenda kwa watu wanaoweza kumfukuza.

Sasa chukua Kusadikika, kitabu cha 1951, tulichokaririshwa wengi wetu shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Nchi inaelea angani. Kuna jamaa anaitwa Karama kashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, mshtaki wake anaitwa Majivuno, ni kiongozi mkubwa serikalini, na kesi inasikilizwa mbele ya mfalme. Karama anajitetea siku sita. Na anajitetea vipi? Hasemi "nyinyi ni madhalimu", hapigi kelele, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, pamoja na mbinguni na ardhini, wakaenda wakateseka wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi, na nchi ikawalipa kwa kuwafunga. Mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kwa heshima zote kwa mfalme. Mpaka anamaliza, mfalme mwenyewe ndo anaona aibu.

Ukikisoma kama hadithi ya ngano kinachosha kidogo, nakiri, siku ya nne hivi unaanza kuangalia saa. Lakini kisome kama karani. Hilo ni faili, lina shauri, lina viambatanisho sita, lina lugha ya "kwa heshima na taadhima", na lengo lake ni kumfanya mkubwa afike mwenyewe kwenye hitimisho ambalo wewe huna cheo cha kulitamka. Mtu aliyekuwa anakula mshahara wa koloni asingeweza kuandika nchi inaitwa Tanganyika na mshtaki ni Mzungu mwenye kofia, kwa hiyo akaipandisha nchi yote juu mawinguni ambako hakuna ofisi ya mkoa. Hata majina, Karama na Majivuno humu, Adili na Utubora kwenye vitabu vyake vingine, ni majina unayoyasoma ukajua kilichomo ndani kabla hujafungua, kama maandishi juu ya jalada. Na wakoloni wenyewe wakampa nishani ya MBE! Sijui kama walimsoma vizuri wakanyamaza au walimsoma vibaya wakafurahi, vyovyote vile bahasha ilifika.

Najua kuna mtu ataniambia hapana, hiyo adabu ni ya Uislamu, ni ya chuoni, ni ya tenzi za pwani ambazo zilikuwepo kabla Mwingereza hajajua Tanga iko wapi. Kweli kabisa, wala sibishi, kijana aliyekulia pwani anajifunza kuongea kwa mafumbo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ila mafumbo ya pwani mengi ni ya kumpiga kijembe jirani, na aliyelengwa anajijua na mtaa mzima unajua. Fumbo la Kusadikika limeelekezwa juu, kwa mwenye muhuri. Hapo ndo naona meza ya ofisi imeingia. Na uangalie alipokuwa huru zaidi alifanya nini, alipoandika maisha ya Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, Unguja, aliyekuwa anauza vyungu, akaingia mjini akaimba taarabu mpaka akaenda kurekodi Bombay 1928. Hapo hakuna nchi ya angani, kuna mtu na jina lake na kijiji chake. Siti alikuwa ameshafariki, hana cheo serikalini, na mji ulikuwa umemtungia wimbo wa kumcheka kwamba katoka shamba na kaniki zake. Karani wa daraja la chini kaona mtu wa daraja la chini kachekwa, akachukua kalamu. Sidhani kama ni bahati.

Lakini ngoja, maana hapa ndo wachambuzi wengi tunateleza, tukishapata kifunguo kimoja tunataka kufungulia milango yote ya mtaa.

Kuna nadharia moja maarufu sana kwenye vijiwe vya Kiswahili, kwamba pwani ni vina na mizani, na bara ni guni, shairi lisilofuata vina na mizani, yaani mshairi wa pwani kazaliwa na wimbo masikioni kwa hiyo anafuata kanuni, na wa bara Kiswahili kakikuta shuleni kwa hiyo anavunja. Inaingia akilini vizuri sana. Shida yake ni kwamba ule ugomvi wa washairi wa vina na wale wa guni ulipokuwa unaanza kuchemka, kanuni zilikuwa zimeshaandikwa kitabuni na Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, 1954, na Amri Abedi ni mtu wa Ujiji, Kigoma, ndio yule yule wa uwanja wa mpira wa Arusha, sheikh wa Ahmadiyya na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Na aliyetuletea ngonjera akazitembeza mpaka shuleni ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki aliyeigeuza Injili ikawa utenzi. Watu wawili wa bara! Halafu upande wa pili, Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani ya kusini, ndo huyo katoa shairi la Ngoma na Vailini ambalo mzee wa vina akilisoma anauliza hii ni barua au ni nini. Kwa hiyo hiyo ramani ya pwani na bara imevunjika pande zote mbili, na mi nafikiri sababu yake ni ya kibinadamu tu: mkwe aliyeolewa ukweni ndo anafagia uwanja mpaka mchanga unaisha, wenye nyumba wenyewe wanapita na viatu.

Ndo maana nasema mahali ulipozaliwa peke yake hapatoshi, lazima uangalie mtu alikuwa anahitaji nini kutoka kwa hiyo lugha. Mnyampala na Amri Abedi walihitaji kukubalika kwenye nyumba ya ushairi, wakazishika sheria zake. Euphrase Kezilahabi hakuhitaji, au tuseme alihitaji kitu kingine.

Huyu kazaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa lakini cha ziwani, lugha ya nyumbani Kikerewe, akapita seminari ya Nyegezi, akafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwisho wa miaka ya 60 kijana mdogo na nchi mpya. Angalia tofauti. Shaaban akiwa na miaka 25 alikuwa anahesabu ushuru Pangani, Kezilahabi akiwa na umri kama huo yuko Mlimani anasoma na kubishana, hana Mwingereza wa kumhamishia Mpwapwa. Na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, 1971, hakupandisha nchi angani hata kidogo, kaiweka Namagondo. Kijiji chake mwenyewe, jina lile lile, kana kwamba anakwambia nenda kaulize. Shaaban anaandika juu ya dhuluma ya dola na hataji dola kwa jina, huyu anaandika juu ya kitanda, mimba, pombe ya baba na ukimya wa mama, na anataja mpaka kijiji. Ikapigwa marufuku mashuleni, sote tunajua, na kama ilivyo kawaida kila shule ilikuwa na nakala moja isiyo na jalada inayozunguka usiku. Ya kwetu ilikuwa imefunikwa na gamba la kitabu cha jiografia.

Na ukikumbuka Rosa mwenyewe, kitabu kizima ni mabishano kuhusu hili hili tunaloongea. Baba mlevi anamchunga binti asisogelewe na mvulana hata kwa barua, kipigo ndo malezi, binti anatoka nyumbani hajawahi kufundishwa kusema ndiyo wala hapana kwa sababu kila kitu kilikuwa hapana, akifika chuoni Morogoro hana breki. Mwandishi anaweka lawama kwenye malezi wazi wazi. Ila wazo langu, na hapa nabahatisha kama mchambuzi yeyote anavyobahatisha, ni kwamba ile sauti yake ya kutaja dhambi kwa jina lake, bila kulipamba na bila kuona haya, ni sauti ya kijana wa seminari. Kwenye kiti cha maungamo huendi na mafumbo, padri anataka ujue ulifanya nini na mara ngapi. Karani kafundishwa kuzunguka na mseminari kafundishwa kutaja, na wote wawili walikuwa wanaandika chini ya macho ya mkubwa.

Baadaye Kezilahabi akaenda Marekani, Wisconsin, akarudi na udaktari, na riwaya za mwisho, Nagona na Mzingile, zikawa ngumu mpaka wanafunzi wake wenyewe walikuwa wanalia. Wengine wanasema falsafa ya Wazungu ilimpanda kichwani. Mi siamini sana hilo, kasome Kichwamaji ya 1974 uone Kazimoto, kijana wa kisiwani aliyesoma akarudi kwao akakuta hawezi tena kukaa na baba yake kwenye kigoda kimoja wakaelewana. Mzingile ulikuwa umeshaanza hapo, kabla ya ndege yoyote ya kwenda Wisconsin.

Kuhusu Abdulrazak Gurnah sitakaa sana maana 2021 alipopata Nobel ya fasihi tulishagombana vya kutosha, ni wetu, si wetu, Mtanzania, Mzanzibari, Mwingereza, mpaka mjadala ukageuka kuwa wa pasipoti. Mtu kaondoka Unguja kijana wa miaka 18 hivi baada ya mapinduzi, kufika kwao tena ni 1984 kumuona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Kaanza kuandika kule, kwenye baridi na upweke, na kaandika kwa Kiingereza. Watu wanamuuliza kwa nini sio Kiswahili kana kwamba lugha ya kuandikia ni shati unalichagua asubuhi. Vitabu vilivyomzunguka alipokuwa mpweke vilikuwa vya Kiingereza, ndo hivyo. Lakini ukifungua Peponi, yaani Paradise yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis 2022, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe kutoka, kuna mahali unasahau kabisa kwamba hii ilikuwa lugha nyingine, watu wanasalimiana, wanatukanana na kuombana radhi kama kwenu Malindi au Ng'ambo. Mi ningependa tubishane zaidi kuhusu hiyo miaka 28. Kwa nini tulikaa muda wote huo na hatukumsoma, halafu siku ya zawadi tukaja na bendera?

Turudi kwa mzee wangu. Nilijiambia haya yote ya ukarani na Shaaban isije ikawa nayatunga mwenyewe kwa kuwa baba yangu alikuwa karani, maana huo nao ni ugonjwa, kila mchambuzi anaona baba yake kila mahali. Na jibu rahisi la kunikata ni kwamba makarani walikuwa maelfu na Shaaban Robert alikuwa mmoja, mzee wangu mwenyewe kakaa mahakamani miaka 31 na hajaandika hata shairi la harusi. Ni kweli. Ukarani hautoi kipaji. Unachotoa ni uzio, na ukishaujua uzio ndo unaelewa kwa nini mti umekua umepinda kuelekea kule.

Nikamuuliza basi, nilipoenda kumsalimia mwezi uliopita. Kastaafu siku nyingi, macho yamechoka, anasikiliza redio tu. Nikamwambia baba, ulisoma Kusadikika? Akasema alikisoma akiwa shule ya kati, na akakisoma tena akiwa kituo chake cha pili, jioni, ofisini, kwa taa ya chemli. Nikamuuliza alikionaje. Nilitegemea aniambie kuhusu haki, au ukoloni, au lugha tamu, vitu tunavyoandikaga kwenye mitihani.

Akakaa kimya, akapunguza redio.

"Yule bwana kaongea siku sita," akasema. "Wajumbe sita, kila mmoja na habari zake, na hakuna hata neno lililopotea. Sasa mwenendo wa shauri lote lile alikuwa anauandika nani?"

Nikamwambia sijui, baba, sijawahi kuwaza.

Akacheka, akaongeza sauti ya redio. "Hujawahi kuwa karani wewe."